Makabidhiano

Mwalimu mwenzangu, jina lako sijalijua;
barua ya uhamisho imenitaja mimi tu.
Naondoka Jumatatu na treni ya Manyoni.
Chaki zipo kabatini. Tufe limebonyea
kwenye ncha ya kaskazini
(ni mpira, usimuulize mtu),
na ramani ya Tanzania ina tundu la panya
hapa hapa tulipo, Bahi,
kwa hiyo watoto huingiza kidole tunduni
na kusema: kwetu.

Lakini ninachokukabidhi hasa
kiko nje, mbali na paa na mwarobaini:
chupa ya maji iliyokatwa shingo,
shingo ikapinduliwa ikawa faneli,
matofali pande zote, mbuzi wasiiangushe.
Rula ni ya Ndahani. Mwambie nimesema ibaki.

Saa tatu kila asubuhi mmoja huenda kusoma.
Jumapili pia. Krismasi pia.
Utakuta kurasa za sifuri,
Novemba nzima, Desemba hadi tarehe ishirini na mbili,
sifuri zimepangwa kama mayai ya kanga.
Mkaguzi alipita, akauliza wino huu wote wa nini.
Akasimama Sechelela wa darasa la sita, mikono nyuma:
“Dashi ni kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia.
Sifuri ni kwamba nilikwenda.”

Sijawahi kufundisha jambo zuri kama hilo,
na hilo sikulifundisha mimi.

Sasa fungua Januari.
Kitabu cha kiada kinasema mvua zetu huanza lini, hukoma lini,
kinasema kwa sauti ya mtu asiyelima.
Mwisho wa mwezi tulijumlisha tulichokuwa nacho,
tukakilinganisha na wastani wa kitabu: sawasawa!
Darasa likapiga makofi.
Ndahani hakupiga.
Mama yake alipanda uwele mara tatu.
Wa kwanza uliungulia ardhini.
Wa pili uliota, ukanyoosha shingo, ukanyauka.
Wa tatu ulisombwa usiku wa kumi na saba,
usiku mmoja uliobeba mwezi mzima mgongoni.
“Wastani umetimia, mwalimu,” akasema.
“Ghala je?”

Nikafuta ubao. Nikaanza upya, bila kitabu.

Semina ya mjini walitupa fulana na maneno:
tabianchi, ustahimilivu, hewa ukaa.
Fulana ndiyo hiyo ya kufutia ubao.
Maneno ni ya kweli, sikuyatupa;
niliyaweka pembeni yasubiri
darasa liyafikie kwa miguu yake.
Ndahani ameshafika. Anauliza
moshi wa nani, wa wapi,
unaojua njia ya kufika shambani kwa mama yake.
Jiandae. Hataridhika na mchoro.

Tarehe kumi na nane mwandiko umelala upande:
“Chupa imejaa. Nyingine imemwagika. Sijui kiasi gani.”
Usiisahihishe. Nimekaa miaka kumi na moja
kabla ya kuona mwanafunzi akiandika sijui
bila kunitazama kwa woga.

Na tarehe kumi na tisa utakuta mstari mtupu.
Zamu ilikuwa ya Sechelela.
Korongo lilikuwa bado limejaa, maji ya rangi ya matofali,
akasimama ng'ambo ya pili na daftari kwapani,
chupa akiiona, mistari ya rula asiione.
Maji yalipopungua akaja kuniuliza:
“Nilikwenda, ila sikufika. Niandike nini?”

Nilishika kalamu muda mrefu.
Nikamrudishia daftari.

Mstari huo nakuachia wewe,
au yeye, akikua.
Funguo ziko kwa mlinzi.
Jumanne zamu ni ya Mboje; huyo husahau,
mkumbushe kabla hajaenda kuchota maji.